Majina Matatu Ndani ya Majivu

Ile video ninayo kwenye simu mpaka leo. Ina dakika nne na kitu. Nimevaa gauni la kitenge cha bluu na kitambaa cheupe kichwani, maiki nimeishika kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kunyang'anywa, na ninasema kwa sauti ambayo hata wanangu hawaijui nyumbani: "Mama yangu mzazi! Aliyenizaa! Ndiye aliyetaka kuwala wanangu!" Watu wanapiga kelele. Kinanda kinaingia. Picha inaruka, inarudi kwangu, na mimi ninalia machozi ya kweli.

Wakati ule mama yangu alikuwa anaishi peke yake juu milimani, Mgeta, analima karoti na njegere, anasali rozari yake kila jioni. Mimi ndiye mtoto wake wa kike pekee. Nilimwita mchawi kwenye spika. Na kijijini kwetu mama mzee anayeishi peke yake akishapewa jina hilo, hana uhakika kama kesho ataachiwa hata nyumba yake. Jambo lenyewe ni hilo. Mengine yote nitakayoeleza ni namna nilivyofika pale, na namna nilivyohangaika kulirudisha neno lililokwisha kutoka.

Nianze na binti yangu. Mwaka ule alikuwa kidato cha pili, anajiandaa na mtihani wa taifa, na mwezi wa tisa akaanza kuanguka. Darasani kwao walianza wawili, halafu yeye akawa wa tatu. Anasimama mstarini asubuhi, ghafla anakaza meno, anakwenda chini. Mara ya nne shule ikaniita nimchukue. Nilimpeleka hospitali, wakampima, wakasema damu imepungua na ana hofu ya mtihani, wakampa vidonge vya mwezi mzima. Vidonge nilimpa, sikuvitupa, hilo niseme. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba hili si la hospitali.

Mimi ni mtu wa maombi. Nilizaliwa na kubatizwa kwenye kanisa la wazazi wangu huko juu, nikaolewa mjini Morogoro, nikahamia kanisa la mume wangu, na huko ndiko nilikomfahamu Yesu kwa namna yangu mwenyewe. Sijutii na sitajuta. Kila Jumatano alasiri akina mama tulikuwa tunakutana kuomba. Kiongozi wetu alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye huruma ya ajabu. Mume wangu alipokaa mwaka mzima bila kazi ya ujenzi, yule mama ndiye aliyekuwa anatuma unga nyumbani kwangu bila kusema kitu. Kwa hiyo aliponiambia, nilimsikiliza.

"Mlango umefunguliwa," akaniambia. "Upande wa kwenu. Upande wa mama."

Kwetu Waluguru ukoo ni wa mama. Ardhi inatoka kwa mama, watoto wangu ni wa ukoo wa mama yangu kabla hawajawa wa baba yao. Basi hata laana ikitafutwa, watu wanaitafuta huko huko. Nikaanza mfungo wa siku saba.

Siku ya tano ya mfungo nilikuwa kwenye kibanda changu karibu na geti la chuo, Mazimbu, ninakopikia wanafunzi wali maharage. Nilikuwa ninachambua maharage. Akapita mama mmoja tunayetoka naye kijiji kimoja, Mwislamu, mfanyabiashara wa mboga, anayeshuka mjini na gari la kabeji mara mbili kwa wiki. Yeye kanizidi miaka kama kumi na hajawahi kusalimia bila kumchokoza mtu.

"Mama Maombi! Mbona umekonda hivyo, unamfungia nani?"

"Shikamoo dada. Namfungia shetani."

"Marahaba. Angalia asije akawa yeye anakula vizuri, unayekufa njaa ni wewe."

Tukacheka. Akatoa kwenye kapu lake kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha kaniki, akakiweka juu ya meza yangu.

"Mzigo wa mama yako huo. Ni za watoto, kila mmoja na yake, majina yamo humo ndani. Kasema zisichanganywe. Na zisiguse maji. Zikae gizani mpaka atakapowaita mwenyewe."

"Awaite wapi?"

"We nawe, umekuwa mgeni? Awaite juu!"

Gari likapiga honi barabarani. Akakimbia, kanga imeshikwa kwa mkono mmoja, akapanda mbele na kuondoka.

Niyarudie maneno yale kama nilivyoyasikia siku ile, nikiwa na njaa ya siku tano na binti yangu amelala nyumbani anaogopa kusimama. Za watoto. Majina yamo. Zisiguse maji. Zikae gizani. Mpaka atakapowaita juu. Sikukifungua. Nilikichukua kwa mfuko wa plastiki, nikiwa nimegeuza uso, nikafunga kibanda kabla wanafunzi hawajaja kula.

Ilikuwa Jumatano. Nilikipeleka kwenye maombi.

Kiongozi wetu alikifungua yeye, kwa kijiti, juu ya sakafu, sisi tumezunguka. Ndani ya kaniki mlikuwa na vifurushi vitatu vya jani la mgomba lililokauka, vimefungwa kwa kamba ya mgomba. Akakata kamba ya kwanza. Majivu yakamwagika. Ndani ya majivu kulikuwa na vitu vidogo vigumu, vya kijivu kwa vumbi la majivu, na karatasi iliyokunjwa. Akaifungua karatasi. Jina la binti yangu, kwa penseli, herufi kubwakubwa, zimepinda.

Akina mama wakaanza kulia. Kifurushi cha pili, jina la mwanangu wa kati. Cha tatu, la mdogo.

"Tazameni," kiongozi akasema, ameinua ile karatasi ya kwanza. "Herufi imegeuzwa. Hii S imegeuzwa nyuma. Mnajua maana yake?"

Hakuna aliyejua maana yake, lakini wote tuliitikia.

Mimi nimejifunza kuandika vizuri nikiwa mtu mzima, kwenye darasa la jioni. Nilikaa kwenye dawati la watoto na akina mama wenzangu, na mwezi wa kwanza mzima S yangu ilikuwa inaangalia upande usio wake. Mwalimu alikuwa ananichorea nukta nifuatishe. Kati ya wote waliokuwa chumbani mle, mtu aliyepaswa kuijua ile S iliyogeuka ni mimi.

Tukatoka nyuma ya kanisa. Mtu akaleta mkaa, mwingine mafuta ya taa. Tukaviweka vyote juu ya moto, kaniki, majani, karatasi, na vile vitu, tukashikana mikono na kukemea.

Hapa ndipo pagumu kwangu kuandika. Kaniki iliungua kwanza, moshi mzito. Halafu vile vitu vikaanza kupasuka, pa, pa, pa, kimoja kikaruka kikaangukia karibu na mguu wangu, ganda limechanika, ndani kumekuwa kahawia. Na harufu ikaja. Ilikuwa harufu ya maharage yaliyoungulia chunguni. Mimi ninaijua harufu hiyo kuliko mtu yeyote, ni kazi yangu. Na nyuma ya harufu ikaja picha, jiko la bibi yangu, vibuyu vimepangwa kwenye dari, na yeye akichota majivu baridi na kuchanganya na mbegu ili wadudu wasizitoboe. Zisiguse maji, zitaota. Zikae gizani. Kila mtu wa kule juu anajua.

Nilijua. Ilikuwa kama kupepesa jicho, lakini nilijua.

Kiongozi akasema kwa nguvu, "Semeni, imevunjika!" Na mimi nikapaza sauti kuliko wote: "Imevunjika!" Nikakanyaga lile harage kwa kandambili, nikalisaga kwenye mchanga.

Binti yangu alifanya mtihani mwezi wa kumi na moja na hakuanguka hata siku moja. Mtihani ukaisha, vidonge vikaisha, rangi ikamrudia usoni. Jumapili iliyofuata mchungaji akaniita mbele nishuhudie. Ningeweza kusema tu kwamba Mungu amemponya mwanangu, na ingekuwa kweli na ingetosha. Lakini nilipoanza kusema niliona watu wamekaa sawasawa kwenye viti, wameacha kuchezea simu, na nikazidi kwenda mbele mpaka nikafika pale kwenye maneno ya mama yangu mzazi.

Video ilizunguka kwenye magrupu ya simu mji mzima. Mtu akaiandikia juu kwa herufi kubwa: BIBI MCHAWI WA MILIMANI AUMBUKA. Watu nisiowajua walinisimamisha sokoni niwaombee. Kanisani nikapewa kiti cha safu ya mbele. Nilikikalia wiki tatu.

Halafu akaja yule mama wa mboga. Safari hii hakunichokoza. Aliketi kwenye benchi la wanafunzi, akaweka kapu chini.

"Nina maswali mawili," akasema. "La mama yako na la kwangu. La mama yako ni hili: watoto wamezitunza mbegu zao? Mvua imeshika huko juu. Shamba lote kapanda, isipokuwa matuta matatu. Kayaacha wazi anawasubiri waje likizo, kila mtu na mbegu yake mkononi, apande tuta lake mbele ya majirani. Ili yeye akifa, asije mtu wa ukoo akasema hawa ni watoto wa mjini, hawana chao hapa."

Nikavuta ungo wa maharage, nikainama.

"La kwangu sasa. Wewe ni mwendawazimu, au una roho mbaya tu?"

"Dada..."

"Usiniite dada. Mimi nimeiona kwa dereva wetu. Mzigo nimeuleta kwa mkono wangu! Na mimi nimo kwenye uchawi wako, siyo?"

"Mama ameiona?"

"Bado. Simu yake ni ya tochi, na hakuna mwenye ujasiri wa kumwonyesha. Yeye anaona tu kwamba wenzake wa jumuiya ya kanisani wameacha kuja kusali kwake zamu yake ikifika. Juzi karoti zake zimelala sokoni. Mtu katupa mawe juu ya bati, mchana kweupe. Unajua aliniambia nini? Eti labda nimewaudhi, niulizie." Akasimama, akajifunga kanga vizuri. "Mimi sisali kwenu na nyie hamsali kwetu. Lakini mama yako alinisaidia kumwogesha marehemu mama yangu alipokuwa hajiwezi. Panda ukamwambie wewe, kabla hajaambiwa na jiwe."

Nilipanda kesho yake asubuhi. Gari la mizigo linaacha lami pale Sangasanga na kuanza kupinda milimani. Kila lilipopinda nilitamani liharibike. Lilifika.

Mama alikuwa jikoni, anamenya viazi. Alinyanyuka, akafuta mikono, akaangalia nyuma yangu.

"Watoto wako wapi?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Watoto wako wapi, mvua hii itawasubiri mpaka lini?"

Nikapiga magoti kwenye sakafu ya udongo, nikamwambia. Nilimwambia yote, na ya harufu nikamwambia. Nilikuwa ninalia sana. Yeye hakulia. Aliposikia habari ya video akanyoosha mkono.

"Nionyeshe."

"Mama, usi..."

"Nionyeshe, mwanangu."

Nikaiwasha. Tuliitazama wote wawili mpaka mwisho, dakika nne na kitu, sauti yangu imejaa lile jiko dogo. Kuku alitoka nje. Ilipoisha mama akanirudishia simu kwa vidole viwili.

"Ile herufi ya nyoka ilinitesa siku tatu," akasema.

Sikumwelewa.

"Lile daftari lako la shule ya jioni, ulilosahau hapa ulipokuja kwenye msiba wa babu yako. Nimefundishwa na katekista, kila Jumapili baada ya misa. Nilitaka niandike majina ya wajukuu mwenyewe, nisiandikiwe na mtu. Mengine niliweza. Nyoka alinishinda, kila nikimwandika anageuka." Akachukua kisu, akaendelea na kiazi. "Sijawahi kuandika kitu kingine mimi. Yale matatu tu."

Nikamwomba radhi. Nikamwomba radhi kwa kila namna ninayoijua. Nikasema nitanunua mbegu nyingine, akaniambia zile zilikuwa za mama yake na hakuna duka linaloziuza. Nikazidi kumwomba. Alimenya viazi vinne vizima bila kuniangalia.

"Unaniomba radhi wapi hapa?" akaniuliza mwishowe.

"Mama?"

"Nauliza hapa ni wapi."

"Jikoni, mama."

"Uliniita mchawi kwenye spika, radhi unakuja kuniomba jikoni. Mbona kule hukunong'ona?" Akaonyesha mlango kwa kisu. "Nenda. Gari la kurudi linapita saa nane."

Jumatatu nilikuwa ofisini kwa mchungaji. Kiongozi wetu wa maombi alikuwepo, ameitwa. Mchungaji ni mtu mpole, kijana kuliko mimi, na alinisikiliza bila kunikatiza.

"Mama, ushuhuda ukishatoka madhabahuni ni mali ya Bwana. Hatuurudishi."

"Mchungaji, mali ya Bwana inaweza kuwa uongo?"

"Mtoto amepona, au hajapona?"

"Amepona."

"Basi?"

"Amemponya Mungu. Hakuponywa na maharage niliyochoma."

Kiongozi akanishika mkono. Macho yake yalikuwa na machozi, na ninamjua, hakuwa anaigiza. "Mwenzangu, sikiliza. Umepanda kule peke yako, bila maombi, ukakaa jikoni kwake. Ulikula?"

"Sikula."

"Ulikunywa maji?"

"Hakunipa kitu."

"Hata hivyo. Umeshuka na lugha nyingine. Huoni? Ile roho ya kwenu ndiyo inayotaka kuufuta ushuhuda. Wangapi wamepokea uponyaji kwa ushuhuda ule? Ukiwaangusha wale, utajibu nini?"

Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa. Mume wangu alikuwa Dodoma kwenye ujenzi; nilimpigia, akasema, "Ulichosema mbele ya watu, kitoe mbele ya watu. Mimi sijui zaidi ya hapo." Siku tatu niliomba. Kwa nini nisiogope kwamba kiongozi anasema kweli? Mimi ninaamini shetani yupo. Siamini nusu nusu. Ninaamini anaingia kwenye nyumba na kwenye ukoo na anatafuta watoto. Swali lilikuwa alipita wapi. Na kila nilipopiga magoti kuuliza, sikupewa ndoto wala sauti. Nilipewa ile harufu, na ile nafasi ndogo pale kwenye moto nilipojua na nikapaza sauti. Shetani hakuhitaji kaniki ya mama yangu. Alikuwa na mdomo wangu, wazi, mbele ya moto, na mimi nikamwachia kwa hiari kwa sababu niliona aibu kuwaambia akina mama kumi na wawili kwamba tulikuwa tunakemea maharage.

Hapo nikajua ni vita gani, na nani ninapaswa kusimama naye.

Jumapili nikaomba nafasi ya kutoa shukrani. Mchungaji aliniangalia sana, akasema, "Shukrani tu, mama." Nikasema ndiyo. Na hilo nalo lilikuwa uongo kidogo, linanisuta mpaka leo, lakini maiki nilipewa.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina!"

"Namshukuru Mungu aliyemponya binti yangu. Na mbele ya Mungu huyo huyo nasema, mama yangu si mchawi. Zile zilikuwa mbegu za maharage. Kaziweka kwenye majivu zisitobolewe. Majina aliandika kwa mkono wake, anagawia wajukuu shamba. Na mimi nilijua. Pale motoni nilijua, nikanyamaza. Halafu nikaja hapa nika..."

Maiki ikazimwa. Nilisikia sauti yangu ikipungua ghafla, ikawa sauti ya mama mmoja tu kwenye jengo kubwa la mabati. Mtu nyuma akasema, "Huyo si yeye anayeongea!" Mwingine akasema, "Mzimu huo, mshikeni." Kinanda kikaanza. Wakanizunguka. Kiongozi akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, na mikono mingine mgongoni, mabegani, kichwani.

Mtu asiyesali kwetu labda hajui jinsi ilivyo rahisi kuanguka pale. Mimi nimeanguka mara nyingi. Kiganja kinakusukuma kidogo, nyuma kuna mtu tayari amenyoosha mikono, unalazwa taratibu, unafunikwa kanga miguuni, na ukiamka kila mtu ana furaha na wewe. Sisemi wote wanaoanguka wanaigiza. Kuna siku niliangushwa na Mungu na ninajua tofauti. Lakini siku ile, kama ningeanguka, ingekuwa imekwisha. Wangesema mzimu umetoka, na maneno yangu yangetoka nao. Mama yangu angebaki mchawi.

Nikatanua miguu. Nikakaza magoti. Kiganja kikasukuma, shingo ikaenda nyuma, nikairudisha.

"Toka!" kiongozi akapiga kelele.

"Yesu ni Bwana," nikasema. "Mama yangu si mchawi."

"Toka, kwa jina la Yesu!"

"Kwa jina la Yesu, mama yangu si mchawi."

Sijui ilichukua muda gani. Kitambaa kilinidondoka. Mtu alinikanyaga kidole. Sikuwa na ujasiri wowote, niseme ukweli, nilikuwa nimejikojolea kidogo. Nilichokuwa nacho ni sentensi mbili tu, na nilizisema zote mbili kila mara, kwa sababu niliona nikiacha moja, hata ile nyingine itakuwa uongo. Mwishowe wakachoka. Kiongozi akaondoa mkono, ananitazama kama mtu aliyefiwa. Mchungaji akatangaza wimbo.

Nilipogeuka nikamwona binti yangu. Alikuwa ameacha mstari wa kwaya, amesimama pembeni kwenye nguzo na simu yangu mkononi, anarekodi. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameinua simu siku ile.

"Ulisema bibi anataka radhi ya kwenye spika," akaniambia nje. "Umesikika mpaka walipozima. Na baada ya hapo pia."

Tuliituma kwenye yale magrupu yote tuliyoyajua. Haikusambaa kama ile ya kwanza. Wachache waliandika pole. Mmoja akaandika, "Kumbe na huyu mama ni walewale." Sikuhama kanisa. Nilirudi Jumapili iliyofuata na ninakwenda mpaka leo. Nilitolewa kwenye kundi la maombi, safu ya mbele wakampa mtu mwingine, na wapo wanaovuta watoto wao nikipita. Ninawasalimia. Mimi niliwafundisha kuogopa, siwezi kuwalaumu kwa kuwa walijifunza.

Kabla likizo haijaisha nilipanda tena Mgeta, na watoto wote watatu. Mama wa mboga alikuwa ametangulia na video, ameionyesha sokoni na kwenye jumuiya, mlango kwa mlango, yeye na ushungi wake, anawaambia Wakristo wa watu, "Sikilizeni hii mpaka mwisho kama mlivyosikiliza ile." Wengine walirudi kwa mama. Karoti zikaanza kwenda. Wengine hawakurudi, na hawajarudi. Bado yupo jirani anayezungukia mbali ili asipite mbele ya mlango wake. Hiyo ni kazi yangu, sina wa kumpa.

Mama alisalimiana na wajukuu mmoja mmoja, akawashika vichwa, akawatuma kisimani. Sisi tukabaki. Mimi nilibaki mlangoni, sikuingia.

"Nimeiona," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Walisikia wote?"

"Walisikia."

"Wakakuamini?"

Nilitamani kusema ndiyo. Nilikuwa nimechoka, na ndiyo ingempendeza.

"Hapana, mama. Wengi hawakuamini. Wanasema na mimi ni mchawi."

Akacheka, kicheko kifupi, kikavu, cha kwanza nilichokisikia kwake tangu mwaka ule uanze, na akanisogezea kigoda kwa mguu.

"Basi ingia," akasema. "Sasa tuko wawili."

Nikaingia, nikakaa. Sikuweza kumtazama usoni, na yeye hakunilazimisha. Akanipa kisu, tukamenya viazi vya watoto.